Dagaa wa Igombe: kipindi kilichoharibika kabla kamera haijawashwa

Kikosi cha vijana wanne kilitumwa Igombe, wilaya ya Ilemela, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kutengeneza kipindi cha televisheni cha nusu saa kuhusu akina mama wanaonunua dagaa wabichi mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, wakawaanika na kwenda kuwauza wakavu kwenye soko la Kirumba. Wote walikuwa bado wanajifunza kazi: mtayarishaji, mwongozaji, mpiga picha na kijana wa sauti. Jioni walirudi mjini na zaidi ya saa tatu za picha. Kipindi cha nusu saa, ukiondoa matangazo, kilihitaji dakika 24 tu, kwa hiyo kila mtu aliamini mali ipo ya kutosha na kubaki. Walipokaa na mhariri hazikupatikana hata dakika tisa zinazoungana.

Niliombwa kukaa nao tuzipitie zile picha moja baada ya nyingine, na tukaandika siku nzima ilivyokwenda, saa kwa saa. Kituo kilichowatuma kilikuwa kimeshatoa hukumu yake: mwongozaji hajui kazi. Mwongozaji mwenyewe, binti mdogo mwenye jicho zuri, alikuwa ameshaanza kuikubali hukumu hiyo, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika. Makosa yanaonekana kwenye uongozaji, sikatai. Lakini karibu yote yalizaliwa kwenye utayarishaji, siku kadhaa kabla gari halijatoka mjini. Anayeanza kujifunza televisheni asipojua kuzitenganisha kazi hizi mbili, atahangaika miaka na kamera wakati tatizo liko kwenye daftari.

Mtayarishaji ndiye anayejibu: kipindi hiki kinamhusu nani, kinauliza nini, kitapigwa lini, kwa fedha ipi na kwa ruhusa ya nani. Mwongozaji anajibu mengine: mtazamaji ataona nini, atasikia nini, na kwa mpangilio upi. Kwenye vituo vyetu vidogo mtu mmoja hubeba vyote viwili, na kwa kuwa anavibeba pamoja hudhani ni kazi moja. Igombe kazi hizi zilikuwa na watu wawili, kwa hiyo unaweza kuona vizuri mzigo wa mmoja ulivyomwangukia mwenzake.

Ratiba ya siku ilisema: kuondoka mjini saa 12 asubuhi, kuanza kupiga picha saa 1:30, mahojiano makuu saa 6 mchana, kurudi saa 11 jioni. Ukiisoma haraka ni ratiba ya kawaida. Ilikuwa imenakiliwa kutoka kwenye kipindi kilichopigwa pwani, na haikuulizwa chochote kuhusu ziwa. Mitumbwi ya dagaa hutoka jioni na kurudi alfajiri. Wanunuzi huwa wapo tayari na ndoo zao, na biashara ya dagaa wabichi haisubiri, kwa sababu kila dakika inayopita ni dakika ya jua inayopotea. Vijana walifika kama saa 1 asubuhi, wakakuta mitumbwi mingi imeshapokelewa, michache bado inaingia.

Ile michache ingetosha. Kilichowakosesha ni barua ya kujitambulisha mapema.

Hakuna aliyekuwa amefika kwa viongozi wa mwalo kabla ya siku hiyo. Kamera ilipotolewa tu kwenye begi, kijana mmoja wa BMU, kikundi cha wananchi kinachosimamia mwalo, akaja kwa adabu zake: karibuni sana, ila mwenyekiti anawahitaji ofisini. Wakaenda, wakaamkia, wakajitambulisha. Mwenyekiti hakuwa na tatizo nao hata kidogo. Aliwapa viti, akaagiza chai, akasema kwa kuwa wageni wametoka mbali ni vizuri aanze yeye kuzungumza, awape picha kamili ya mwalo. Ungekuwa wewe, ungemwambia nini mzee wa watu? Wakafunga tripodi, wakabana maiki, na mwenyekiti akazungumza kwa dakika 22 mfululizo, akieleza historia ya mwalo, ushuru, nyavu haramu na mipango ya kujenga chanja za kisasa za kuanikia dagaa. Alizungumza vizuri. Waliporudi ufukweni mtumbwi wa mwisho ulikuwa umeshavutwa juu na bei za siku hiyo zimeshapatanwa.

Kwa hiyo tukio ambalo lingefungua kipindi, mama akiwa amesimama majini mpaka magotini akibishana na wavuvi juu ya ndoo, halikupigwa. Kituo kikaandika kwamba mwongozaji alishindwa kufungua kipindi. Mimi naandika kwamba ziara ya heshima ilifanyika asubuhi isiyo yake. Ingefanyika siku tatu kabla, na mtayarishaji peke yake, mikono mitupu, mwenyekiti angepata heshima yake yote na mwongozaji angepata alfajiri yake yote. Kwa wanaofanya kazi nje ya vituo hili lina uzito zaidi, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 nayo inadai kibali kabla ya kupiga picha, na kibali hakipatikani ukiwa umeshasimama mchangani.

Ukishakosa mwanzo, unaanza kuutafuta. Hapo ndipo mwongozaji alipofanya jambo ambalo kila mwanafunzi wa kazi hii amewahi kulifanya. Alimkuta mama mmoja ameshika ndoo, ameinama, dagaa wanamwagika kwenye mchanga uliotandikwa neti, wanang'aa. Picha nzuri kuliko zote za siku hiyo, na kamera haikuwa tayari. Lipo kwenye sauti, maana maiki ilikuwa imewashwa:

"Samahani mama, naomba urudie. Mwaga tena."

"Nimwage tena wapi, mwanangu? Hawa wameshalala."

"Wakusanye kidogo tu, tupate picha."

"Nikiwakusanya nakusanya na mchanga. Nani ataninunulia mchanga?"

Kimya. Kisha mpiga picha akasikika akinong'ona, "Tuendelee tu."

Tulilirudia hili mara nyingi, kwa sababu ndani yake mna somo zima la uongozaji wa nje ya studio. Studioni mwongozaji amekaa mbele ya skrini, anaona kamera zote kwa pamoja, anasema "kamera mbili jiandae... kamera mbili", na mtu akikosea anaweza kuomba kurudia. Mwaloni vitu havirudiwi, na ukivilazimisha virudiwe kuna mtu anayelipa. Kwa mama yule, kurudia ni kuchafua mzigo ambao mnunuzi wa Kirumba ataushika mkononi na kuupangia bei ya chini.

Lakini tazameni picha inayofuata. Pembeni ya mama, nyuma yake kidogo, ziko ndoo nyingine saba. Alikuwa na nane. Hakukuwa na haja ya kuomba chochote. Ndoo ya pili ungeipiga kwa shoti pana, mama mzima na ziwa nyuma yake. Ya tatu ukaisogelea mikono yake tu. Ya nne uso. Ya tano ukashuka chini, dagaa wenyewe wakitua kwenye neti. Ya sita ukasimama nyuma ya bega lake kuona anachokiona yeye. Kila shoti uishikilie sekunde 10 bila kutikisika, bila kuvuta lenzi mbele na nyuma. Mezani shoti hizo tano zinaungana na kuwa ndoo moja inayomwagwa, na mtazamaji hatajua wala hatadanganywa, maana mama ni yuleyule, kazi ni ileile, asubuhi ni ileile. Hili kosa namhesabia mwongozaji. Jicho lake lilikuwa kwenye picha iliyompita, akaacha kuhesabu zinazokuja. Hata hivyo, mtu aliyefika mwaloni ameshachelewa hahesabu ndoo, anakimbiza.

Kosa la pili ninalomhesabia ni la mstari. Baadaye kidogo walimpata mama akijadiliana na mchuuzi mwingine. Mpiga picha alimpiga mama akiwa upande wa maji, kisha akazunguka na kumpiga mchuuzi akiwa upande wa nchi kavu. Kila picha peke yake ni nzuri. Ukiziunganisha, wote wawili wanatazama kushoto, na mtazamaji anaona watu wawili wanaozungumza na mtu wa tatu asiyeonekana. Kanuni ni ya nyuzi 180: vuta mstari wa kufikirika kati ya macho ya wanaozungumza, chagua upande mmoja, kamera isivuke. Ziwani ni rahisi kuliko sokoni, kwa sababu ziwa lenyewe linakusaidia. Ukiamua kwamba maji yatabaki kushoto mwa picha, kila ukitazama kwenye kioo cha kamera utajua kama umevuka. Kama ni lazima uvuke, vuka mbele ya macho ya mtazamaji, kamera ikitembea, au weka katikati shoti ya karibu isiyo na upande, kama mikono inayohesabu noti.

Kisha yakaja mahojiano makuu, saa 6 mchana, ufukweni. Hapa sina huruma na ratiba hata kidogo. Mwanza iko karibu na nyuzi 33 mashariki, na saa za Tanzania hufuata nyuzi 45, kwa hiyo jua letu hufika utosini kama saa 6:45 mchana. Pwani huwa limeshatangulia kwa kama dakika 25. Ratiba iliyonakiliwa kutoka pwani ilimweka mama chini ya jua linalozidi kupanda, amejifunga kitambaa kichwani, macho yake ni mashimo mawili meusi. Unamsikia akisimulia hasara ya mvua na huwezi kuona anavyoisimulia.

Hata kumsikia ni shida. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Kadiri nchi kavu inavyopata joto, upepo huanza kuvuma kutoka majini, na mchana unakuwa na nguvu. Maiki ya kola haikuwa na kifuniko cha manyoya, na kamera ilikuwa imeachwa ipange sauti yenyewe. Mama akinyamaza kuvuta pumzi, kamera inadhani sauti imepungua, inapandisha, na ngurumo ya upepo inajaa. Akianza kusema, inashusha ghafla. Kijana wa sauti hakuvaa hedifoni kwa sababu ziliachwa kwenye gari. Angevaa hata dakika moja angejua. Sauti ya mtu anayezungumza unaiweka kwa mkono, ipige karibu na alama ya desibeli -12 kwenye kipimo cha sauti, isiguse sifuri, na unaisikiliza kwa masikio yako mwenyewe tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Picha mbovu mhariri anaweza kuifunika kwa picha nyingine. Sauti iliyoharibika haina cha kuifunikia.

Cha simu nitakitaja kwa kifupi. Mtayarishaji alisaidia kupiga picha za ziada kwa simu iliyokuwa kwenye fremu 30 kwa sekunde, wakati kamera ilikuwa 25 kama televisheni zetu zinavyotumia. Picha zake za kutembea zilikuwa zinarukaruka. Ni jambo la kupanga kabla ya kutoka nyumbani: vyombo vyote 25, kasi ya shata 1/50, na rangi nyeupe ipangwe kwa jua la nje na si kujiendesha yenyewe.

Tuliposema basi, warudi wakapige upya, kilichotokea kinasikitisha zaidi. Gari lilipatikana, kamera ikapatikana, wakaondoka usiku wa manane ili wasichelewe tena. Wakakuta ufuko mtupu. Mitumbwi imepinduliwa, wavuvi wanashona nyavu na kuziba mbao. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwakusanya pale tu usiku unapokuwa giza. Mbalamwezi ikitanda taa hazina kazi, kwa hiyo kila mwezi kuna wiki nzima au zaidi ya mapumziko. Mtoto wa darasa la nne Igombe anajua hili. Mtayarishaji aliyezaliwa Mwanza naye analijua, ila hakulifikiria kama sehemu ya kazi yake. Alipanga kwa kalenda ya magari ya kituo.

Hapo ndipo tulipoacha kuzungumzia kamera.

Mtayarishaji alirudi Igombe wakati wa giza la mwezi bila kikosi, akakaa asubuhi nzima akitazama na kuuliza. Nilimwomba asiniletee orodha ya picha. Nilimwomba agawe ukurasa mara mbili, upande mmoja aandike mambo yanayotokea mara moja, upande wa pili yanayojirudia. Upande wa mara moja ulikuja na machache: mtumbwi kuingia, bei kupatanwa, wingu kutanda. Upande wa kujirudia ulijaa: kumwaga, kutandaza, kugeuza, kuokota furu (samaki wengine wadogo) na vijiti, kufagia kwa fagio la vijiti, kujaza magunia, kushona midomo ya magunia, kupakia gari la Kirumba. Ukurasa huo mmoja ulimpa mwongozaji kazi yake. Kwa mambo ya mara moja, kamera isimame mapema mahali palipochaguliwa, shoti iwe pana, irekodi kwa muda mrefu, mtu asihangaike na urembo. Kwa mambo ya kujirudia, usiwe na haraka, sogea, badilisha pembe, tafuta mikono na nyuso.

Alirudi pia na kitu ambacho kipindi cha kwanza hakikuwa nacho kabisa: swali. Mwanzoni karatasi ilisema "maisha ya akina mama wa dagaa", na hilo ni eneo, si kipindi. Ukienda na eneo utapiga kila kitu na kurudi na saa tatu za picha. Sasa swali likawa hili: wingu likitanda dagaa wakiwa nusu kavu, hasara inamwangukia nani? Maana dagaa walionyeshewa na mvua huharibika, hubadilika rangi na harufu, na mzigo ulionunuliwa kwa bei ya chakula cha watu huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mvuvi ameshalipwa asubuhi. Mwenye gari atalipwa hata hivyo. Mama ndiye aliyebaki katikati. Ukishakuwa na swali hilo unajua kwa nini unahitaji picha ya anga, kwa nini unahitaji bei ikitamkwa asubuhi, na kwa nini mazungumzo kuhusu nyavu haramu, hata yawe mazuri vipi, ni ya kipindi kingine.

Upigaji wa pili ulifanyika wakati wa giza, mwishoni mwa msimu wa vuli, wakati mawingu bado yanatarajiwa. Walilala Igombe. Kamera ilikuwa mchangani kabla ya kupambazuka. Mwongozaji alimwamkia mama yuleyule, "Mwangaluka," akakaa naye kabla ya kutoa maelekezo yoyote kwa mtu yeyote, na safari hii alihesabu ndoo. Mahojiano yaliwekwa jioni, kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba ya mama, mwanga ukitoka ubavuni, upepo umezibwa na ukuta, maiki imefunikwa. Baada ya kumaliza walinyamaza wote na kurekodi utulivu wa mahali pale, ili mhariri apate cha kuzibia anapokata maneno. Hedifoni zilikuwa masikioni. Walirudi na saa moja na nusu za picha, nusu ya zile za kwanza, na dakika 24 zikapatikana bila kugombana.

Mvua haikunyesha siku hiyo. Wingu lilikuja, akina mama wakakimbilia turubai, kisha likapita. Kulikuwa na ubishi kwenye chumba cha uhariri: wengine walitaka zitafutwe picha za mvua za siku nyingine zichomekwe. Nilipinga na naendelea kupinga. Ile mbio ya turubai kwa wingu ambalo halikunyesha inasema zaidi kuhusu hofu ya mtaji kuliko mvua ya kubandika, na mtazamaji wa kanda ya ziwa anajua kutofautisha. Mwongozaji aliamua ibaki kama ilivyokuwa, na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mwenyekiti aliingia kwenye kipindi kwa sekunde zisizozidi 40, akijibu jambo moja tu: chanja za kuanikia juu ya ardhi zitafika lini, maana dagaa wa kwenye chanja hukauka upesi na huwa safi. Mtayarishaji hakusubiri mzee alione hilo kwenye televisheni. Alimfuata mwenyewe kabla ya kurushwa, akamweleza kwamba mazungumzo yake marefu yamehifadhiwa, kwamba kipindi kinamfuata mama na si mwalo mzima, na kwa nini. Mzee aliuliza maswali mawili, akaridhika, akatoa namba ya kiongozi wa mwalo wa jirani kwa ajili ya kipindi kijacho.

Picha za usiku ziwani, taa zikiwa zimetanda majini, bado hazijapigwa. Mwongozaji anazitaka sana. Nimemwambia azianzie upande wa mtayarishaji: mtumbwi wa pili wa kubebea kamera peke yake, maboya ya kuokolea kwa kila mtu, nahodha anayekubali kurudi upepo ukibadilika, betri za akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji, na tarehe iliyochaguliwa kwa kufuata giza la mwezi. Orodha ikikamilika ndipo tutakaa kuzungumzia shoti.